Timu ya Baba, Timu ya Nyumbani

  Jioni hii tutaongea mpira. Matokeo ya Jumapili mnayajua tayari, na msimamo wa ligi vijana wanao kwenye simu zao. Mimi nataka tuongee jambo ambalo halitangazwi uwanjani: jinsi timu inavyoingia ndani ya nyumba, ikakaa, ikarithiwa, hata mtoto aliyezaliwa juzi akahesabiwa kuwa mtu wa Mazembe au mtu wa Lupopo kabla hajajua kutamka jina lake.

Ni urithi wa ajabu. Shamba likigawanywa, wazee hukaa kikao, hupima mipaka, huita mashahidi. Timu haina kikao. Mtoto anamkuta baba yake Jumapili jioni amenyamaza, wali na sombe viko mezani hajavigusa. Anamuuliza mama, baba ana nini? Anajibiwa: wamefungwa. Wiki nyingine anamwona baba huyohuyo anaimba tangu mlangoni, anamnunulia andazi bila kuombwa. Mtoto anajifunza kwamba kuna watu kumi na mmoja mahali fulani wenye uwezo wa kubadilisha hali ya hewa ya nyumba yao. Ataanza kuwaombea washinde. Na akianza kuwaombea, basi, amekwisha kurithi.

Sasa tujiulize sisi watu wa Kindu: hao watu kumi na mmoja walifikaje hapa? Lubumbashi ni mbali. Kinshasa ni mbali zaidi. Hakuna barabara ya kuaminika ya kwenda kote huko. Lakini wazee wetu waliishi na kufa wakiwa watu wa Lupopo, watu wa Mazembe, watu wa V.Club, watu wa Imana. Nani aliwaletea timu hizo?

Jibu la kwanza ni reli. Kindu ni mji wa reli na mto. Hapa ndipo njia ya chuma inayotoka kusini inapokomea, na hapa ndipo Lualaba inapopokea mizigo kuipeleka Ubundu. Katika miaka ya 1950 reli yetu iliunganishwa na reli ya Katanga kwa njia ya Kamina na Kabalo. Mwaka 1974 makampuni ya reli yakakusanywa chini ya shirika moja la taifa, ambalo leo tunaliita SNCC, makao yake Lubumbashi. Fundi wa Kindu na fundi wa Lubumbashi wakawa watumishi wa mwajiri mmoja. Mtu anahamishwa kwenda kusini miaka kadhaa, anarudi na mke, na watoto, na cherehani, na timu.

Timu gani? Lubumbashi ina mbili kubwa, na zote mbili zinahesabu umri wao tangu mwaka 1939. Moja ni Saint-Éloi Lupopo, yenye jina la mtakatifu anayeheshimiwa na wafua vyuma, na mashabiki wake hadi leo wanaitwa watu wa reli. Nyingine ilianzishwa na wamonaki Wabenedikto, ikapewa jina la Mtakatifu George, baadaye ikaitwa Englebert kwa jina la kampuni ya matairi ya Ubelgiji, kisha ikawa Mazembe. Kwa hiyo aliyefanya kazi karakana, akala na wenzake wa karakana, akatembea nao uwanjani, alikuwa na sababu nzuri ya kurudi Kindu akiwa mtu wa Lupopo. Na jirani yake aliyekwenda huko kusoma, au kuuza mchele wa Maniema, angeweza kurudi na Englebert moyoni. Treni ileile iliwaleta wote wawili.

Jibu la pili ni redio. Hii hapa, chombo hiki unachonisikia nacho. Mwaka 1967 Englebert ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika, na mwaka 1968 ikalitwaa tena. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Vita Club ya Kinshasa, ndiyo V.Club: ilifungwa 4 kwa 2 kule Kumasi na Asante Kotoko, ikarudi nyumbani ikashinda 3 kwa 0. Mwaka uliofuata taifa zima likachukua Kombe la Afrika nchini Misri, Ndaye Mulamba wa Vita Club akafunga mabao 9 katika mashindano yale, rekodi iliyokaa miaka na miaka. Kijana wa Kindu wa wakati ule hakuwaona watu hao kwa macho. Aliwasikia. Aliketi karibu na redio ya mwalimu, au ya padri, au ya mfanyabiashara, akajenga uwanja mzima kichwani mwake kwa sauti ya mtangazaji. Na timu aliyoisikia ikishinda siku ile ndiyo aliyoifuata maisha yake yote.

Wazee wangu, mnanitazamia niseme jambo ambalo vijana hawalijui. Timu zenu zilibadilishwa majina na ninyi hamkubadilika. Englebert ikawa Mazembe. Victoria Club ikawa Vita Club. Daring ikawa Imana, Imana ikawa Motema Pembe. Nchi yenyewe ilibadilishwa jina, watu wakabadilishwa majina ya ubatizo, fedha ikabadilishwa, majimbo yakakatwa: Maniema yetu ilikuwa sehemu ya Kivu mpaka mwaka 1988 ilipokuwa jimbo linalojitegemea. Katika mabadiliko yote hayo, mtu aliyependa timu akiwa na miaka kumi aliipenda akiwa na sabini. Nasema hili kwa heshima. Katika nchi ambayo mengi yalitetereka, wazee wetu walitufundisha kushika neno, japo neno lenyewe lilihusu mpira.

Angalieni pia jambo jingine. Kule Kenya, timu mbili kubwa za Nairobi, AFC Leopards ya mwaka 1964 na Gor Mahia ya mwaka 1968, zilikua zikibebwa na jamii mbili, Waluhya upande mmoja na Wajaluo upande mwingine. Huko, kwa nyumba nyingi, ukizaliwa katika kabila umezaliwa katika timu. Kindu haikuwa hivyo. Mrega aliweza kuwa wa Lupopo na Mrega mwenzake wa V.Club. Mkusu, Mzimba, Mbangubangu na Msongola waliweza kukaa benchi moja wakishangilia bao moja. Kilichoamua ni kazi aliyofanya baba, mji aliosomea mjomba, redio iliyokuwa karibu. Ushabiki wetu ulifuata safari za watu. Nataka muishike hoja hii, maana nitairudia.

Kisha vita vikaja. Oktoba 1998 Kindu iliingia mikononi mwa waasi wa RCD, na kwa miaka mji ukawa kama umefungiwa. Treni hazikufika. Vijiji viliachwa, familia zikaishi msituni. Mtu anayetafuta muhogo wa kula hana habari na Lupopo. Lakini vita vilipotulia na nchi ikaunganishwa tena mwaka 2003, watu walianza kutafutana, kuhesabiana, na kutafuta kitu cha kufanya pamoja ambacho si msiba. Mwaka 2005 ikaanzishwa hapa Kindu timu ya Maniema Union.

Hapo ndipo jambo lisilo la kawaida lilipotokea, na ndilo lililonifanya nichague mazungumzo haya. Siku zote urithi unashuka: babu kwa baba, baba kwa mtoto. Union haikuweza kushuka, kwa sababu hakuna babu aliyekuwa nayo. Waliokuwa nayo ni watoto. Waliokuwa na miaka minane, kumi, kumi na miwili, waliokwenda uwanjani kwa miguu wakaona kwa macho yao wachezaji wanaopita mitaa yao. Timu ya baba ilikuwa sauti ya redio. Timu ya mtoto ilikuwa na jasho na vumbi. Watoto ndio walioileta nyumbani. Walikuja nayo mezani, wakamwambia baba wa Lupopo na babu wa V.Club: sisi tuna timu yetu, njooni muione. Na baba akaenda. Akakaa kwenye Uwanja wa Joseph Kabila Kabange pamoja na mwanawe, na mwanawe ndiye aliyemtajia majina ya wachezaji. Katika mji huu, ndugu wasikilizaji, watoto wamewarithisha wazazi.

Lakini baba hakuitupa timu yake ya kwanza. Na hapa ndipo nyumba zetu zinapopata kazi ngumu na nzuri. Tuseme Union inacheza na Lupopo. Baba aliyerithi Lupopo kwa mzee wake wa karakana afanyeje? Mwanawe amevaa jezi ya Union, anamtazama. Babu ameketi kwenye kiti chake, hasemi kitu. Wengine watamwambia achague, kwamba mwanamume hana timu mbili. Mimi nasema asilazimishwe. Lupopo kwake ni mzee wake: ni harufu ya grisi kwenye nguo za kazi, ni mkono uliomshika wakipanda treni. Union kwake ni mwanawe. Mtu hachagui kati ya baba yake na mtoto wake. Amruhusu mwanawe ashangilie bao, na mwanawe amruhusu yeye anyamaze.

Mwaka 2024 Union ilitupeleka mbali zaidi. Iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kundi moja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja Casablanca na AS FAR za Moroko. Mchezo wa kwanza, tarehe 26 Novemba 2024, ilikwenda Pretoria ikatoka sare ya 0 kwa 0 na Sundowns. Timu ya mji ambao wengi barani wasingeweza kuuonyesha kwenye ramani. Ilipofika zamu ya kucheza nyumbani, nyumbani kwenyewe kulikuwa Kinshasa, kwenye Stade des Martyrs, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Basi sisi tukarudi kwenye redio. Kijana aliyezoea kuiona timu yake kwa macho akajikuta ameinamia redio kama babu yake mwaka 1973. Hatukuvuka makundi. Lakini vizazi viwili vilikutana kwenye sauti moja, na babu alipomwambia mjukuu jinsi walivyoisubiri Kotoko, mjukuu alielewa, kwa mara ya kwanza, babu alikuwa anaongea habari gani.

Na safari za watu bado zinaendelea kubeba timu. Mwaka 2023 Maxi Nzengeli aliondoka Maniema Union akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Siku hizi kuna nyumba hapa Kindu zinazofuata matokeo ya Tanzania kwa sababu yake, zikajikuta zimeingia katika ubishi ambao wenzetu wa pwani wameurithishana tangu miaka ya 1930: Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936. Wale wanaitana watani wa jadi. Katika nyumba moja ya Kariakoo utamkuta mume ni Simba na mke ni Yanga, watoto wamegawanywa, na anayeshinda ndiye anayepata haki ya kuongea wiki nzima. Wanataniana mpaka msibani na harusini. Sisi tunaweza kujifunza kwao kitu kimoja: mtani anakukera kwa sababu anakuhesabu kuwa ndugu. Adui hana muda wa kukutania.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu urithi huu una upande wa hatari, na nchi yetu imeulipia. Tarehe 11 Mei 2014, kwenye Uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, Vita Club ilicheza na Mazembe. Vurugu zikaanza jukwaani, mabomu ya machozi yakarushwa, watu wakakimbilia kutoka, wakakanyagana. Watu 15 walikufa. Walitoka nyumbani kwenda kuangalia mpira. Kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemfundisha kupenda timu ile, baba au kaka au mjomba, na mtu huyo alibaki na swali ambalo simwombei mzazi yeyote hapa Kindu alibebe.

Basi nina mambo matatu ya kuwaambia. La kwanza, chuki hii: nimefikiri sana inapoanzia, na nawaambieni ninavyoamini. Inaanzia pale tunaporithisha rangi bila habari. Mtoto anapewa jezi, anapewa wimbo, anapewa jina la adui, lakini haambiwi timu ilifikaje nyumbani kwao. Anadhani ilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia, na kwamba aliye na nyingine amepotea. Lakini mtoto akiambiwa: babu yako alikuwa Lubumbashi, alifanya kazi ya reli, rafiki yake wa karakana alimpeleka Lupopo siku ya kwanza, mtoto huyo anaelewa kwamba jirani wa Mazembe naye ana babu, na babu huyo naye alikuwa na safari yake. Anajua kwamba treni ingechelewa siku moja, au mwalimu angekuwa na redio tofauti, yeye mwenyewe angekuwa mtu wa Mazembe. Huwezi kumrushia jiwe mtu ambaye ungeweza kuwa yeye. Hii ndiyo hoja niliyowaomba muishike: ushabiki wetu ulifuata safari za watu, basi tuzisimulie safari hizo.

Jambo la pili, mabinti. Katika nyumba nyingi timu hupita kwa wavulana tu. Binti anapika siku ya mchezo, anasikia kelele sebuleni, hakuna anayemweleza chochote. Baba zangu, mnakata urithi nusu. Novemba 2024, siku tatu tu kabla ya Union kucheza Pretoria, wanawake wa TP Mazembe waliwafunga AS FAR bao 1 kwa 0 katika fainali kule Moroko, wakawa mabingwa wa wanawake wa Afrika. Wakongomani, wasichana. Je, binti yako aliambiwa? Alikuwa na haki ya kujua kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani mwako. Na wako akina mama wengi walioshika timu ya marehemu mume kwa ajili ya watoto, wakawaeleza alivyokuwa akipiga makofi, alivyokuwa akikaa. Mama huyo ndiye mrithishaji. Apewe heshima hiyo kwa jina.

Jambo la tatu, kushindwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtoto hajifunzi neno hili kwa kuambiwa. Analisoma kwenye uso wa mzazi. Akikuona umefungwa, ukamtukana mwamuzi, ukambamizia mlango mama yake, ukakataa kumsalimu jirani, basi hicho ndicho umemrithisha, na jezi ni kisingizio tu. Akikuona umefungwa, ukatoka nje, ukamwambia jirani "leo mlicheza vizuri, tutaonana mzunguko wa pili", amepokea kitu kitakachomfaa shuleni, kazini, katika ndoa, na siku ya uchaguzi. Nchi hii ina njaa ya watu wanaojua kushindwa bila kuchoma nyumba.

Vijana wangu wa Union, nanyi sikilizeni. Mlituletea timu, na tunawashukuru. Miaka 20 imepita. Wale wa miaka kumi wa wakati ule sasa ni baba na mama. Kwa mara ya kwanza katika mji huu watazaliwa watoto watakaoikuta Union ndani ya nyumba, kama sisi tulivyozikuta Lupopo na V.Club. Sasa urithi unaanza kushuka kutoka kwenu. Mtoto wenu hatakumbuka kwamba kulikuwa na wakati Kindu haikuwa na timu ya kwenda Pretoria. Mwambieni. Mwambieni kuhusu mwaka 2005, mji ulivyokuwa umetoka vitani, mlivyotembea kwa miguu kwenda uwanjani. Mwambieni pia kwamba babu yake alikuwa wa Lupopo, na kwamba mlikaa naye jukwaa moja.

Basi nawaombeni jambo moja kabla ya mchezo ujao. Muulizeni mzee wenu aliye hai: timu hii ulipewa na nani, wapi, mwaka gani? Mkae, mumsikilize mpaka mwisho, watoto wa kiume na wa kike wakiwapo. Asiyekuwa na mzee amuulize mama, amuulize shangazi, amuulize jirani aliyefanya kazi na baba yake. Yaandikeni majibu. Wazee wa karakana wanazidi kupungua, na kila anayeondoka bila kuulizwa anaondoka na sababu ya nyumba nzima kupenda kile inachopenda.

 Wa Union, wa Mazembe, wa Lupopo, wa V.Club na wa Motema Pembe, nawatakia wote jioni njema.